Kitufe cha Bosi

Kwa mwaka mzima na mwezi juu yake, Bosi hakupenda kitu chochote kinachonguruma kikate ghafla mbele yake. Friji ya jikoni ikinyamaza, alishtuka akashika meza. Cherehani aliiendesha mpaka uzi ukaisha wenyewe, na redio ya karakana aliiacha ibwabwaje tangu anafungua mlango mpaka anafunga, wateja wakidhani ni mpenzi wa muziki. Muziki hakuupenda hata kidogo. Alichokuwa akikikimbia ni ukimya wa aina moja tu, ule wa injini iliyokuwa ikinguruma kisha ikatulia, na aliusikia muda mfupi kabla mumewe hajafa pembeni yake.

Jina la Bosi alipewa na huyo mumewe, na mumewe naye watu walimwita Nane. Alikuwa seremala, na msumeno wa mezani ulimchukulia kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kushoto, vikabaki vinane. Mtu mwingine angenuna kuitwa hivyo. Yeye aliliandika jina hilo kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana, SAMANI ZA NANE, na mteja mpya akiuliza maana yake alimpungia ule mkono. Nane alichonga fremu za makochi, mkewe akazivisha sponji na kitambaa, na kazi ikiisha waliipakia kwenye vani yao wakaipeleka wenyewe, maana Nane hakumwamini dereva mwingine yeyote na kochi lake.

Vani hiyo ilikuwa kuukuu tangu siku walipoinunua. Mlango wa pembeni ulifunguka kwa kubembelezwa, kioo cha abiria kilishuka vizuri lakini kupanda sharti kivutwe kwa viganja viwili, na mshale wa mafuta ulisema robo tanki iwe jua iwe mvua. Kuwa na gari kuukuu ni kama kuishi na mjomba mgonjwa: unakijua kila kikohozi chake, na mgeni akishtuka unamwambia usijali, hicho ni cha kawaida. Lakini giaboksi yake ya otomatiki ilikuwa nzima, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho Bosi alijivunia kukielewa kuliko wanaume wengi wa mtaa ule. Mlikuwa na ovadraivu.

"Ni kama baiskeli ya gia," Nane alimweleza siku ya kwanza, akichora kwa penseli ya seremala kwenye kipande cha mbao. "Ukiuweka mnyororo kwenye kile kigurudumu kidogo cha nyuma, unakanyaga taratibu na gurudumu linakimbia. Ndiyo hii. Gia ya juu kabisa, shafti inayopeleka nguvu magurudumuni inazunguka haraka kuliko injini yenyewe. Injini inajipumzikia, inakula mafuta kidogo, na sisi tunasikilizana. Barabara ya tambarare, raha mustarehe."

"Na mlimani?"

"Mlimani gari linakosa nguvu. Lakini mteremkoni na mzigo ndiyo balaa lenyewe, kwa sababu kwenye gia hiyo injini hailishiki gari. Inaliachia liende. Kazi yote inabaki kwa breki, na breki zetu unazijua. Sasa, kuna kitufe hapa. Ukikibonyeza, ovadraivu inakatika, gari linashuka gia ya tatu, na injini inalikamata. Utaisikia inavyopiga kelele. Ukibonyeza tena, inarudi kama ilivyokuwa."

Kitufe kilikuwa kwenye ncha ya mkono wa gia, na mkono wa gia ulichomoza kando ya usukani, upande wa kushoto. Kilitaka kidole gumba cha kushoto, na Nane hakuwa nacho. Bosi, kutoka kiti cha abiria, alikifikia bila hata kuinama. Basi ikawa ndiyo kazi yake. Wakifika juu ya mteremko mrefu unaoshuka kwenye mji wa chini, Nane alisema, "Bosi, mkamate!" kana kwamba gari ni mwizi, naye akabonyeza, injini ikapandisha sauti, na wakateremka polepole wakicheka. Taa ya dashibodi iliyopaswa kuonyesha kwamba ovadraivu imekatwa iliungua zamani na hawakuibadilisha. Masikio yao yalitosha. Miaka kumi na moja Bosi hakubonyeza hata mara moja bila kuambiwa, na Nane hakusahau kumwambia hata mara moja.

Isipokuwa siku ile. Siku ile Nane hakusema kitu, na Bosi akabonyeza.

Kule kubonyeza ndiko kulikompa nguvu ya kuendelea kuishi. Baada ya mazishi, mama mkwe wake alihamia nyumba ile iliyo nyuma ya karakana, akalala chumba kimoja naye, akamlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Na kila Bosi alipoanza kujilaumu, bibi yule alimshika mashavu kwa mikono miwili. "Mwanangu, wewe ulibonyeza. Mlikuwa mmegombana, hakukuomba, na bado ulibonyeza. Ulifanya lako. Mimi nitasimama popote niseme." Askari wa barabarani waliandika kwamba breki zilichemka kwa sababu ya mzigo mzito, makabati mawili na kitanda cha futi sita, na gari likashindwa kona na kugonga ukuta wa mawe kwa upande wa dereva. Bosi alitoka na mkono uliovunjika. Neno "ulibonyeza" alilishikilia, na usiku akiamka alijirudishia mwenyewe mpaka usingizi ukarudi.

Kitu kimoja tu hakumwambia mtu. Alipobonyeza, injini haikupandisha sauti. Ilinyamaza.

Alijaribu kujidanganya kwamba hakusikia vizuri. Lakini mtu aliyesikiliza sauti moja miaka kumi na moja hasikii vibaya. Injini ilikuwa ikinguruma, akabonyeza, ikatulia kabisa, gari likaanza kukimbia. Na kwa kuwa hakuwa na jibu, akili yake ilimtengenezea moja, na lilikuwa jibu baya. Aliamini kwamba kitufe kilimkataa. Kilikuwa kimezoea mkono mwingine.

Wazo hilo lilitoka kwenye ugomvi wao. Wiki tatu kabla ya ajali Bosi alikwenda kumuuguza mama yake mzazi, na Nane akabaki akifanya kazi peke yake. Aliporudi, mwalimu mmoja wa mji wa chini alipiga simu kushukuru kwa viti vyake. Akasema mumeo hodari sana, wiki iliyopita ametoka kwenu mpaka mlangoni kwangu kwa dakika arobaini. Dakika arobaini ni njia ya mteremko. Njia ya kuzunguka bondeni ni saa tatu. Bosi akamuuliza mumewe, nani alikubonyezea kitufe? Nane akajikuna shingo. Akasema alizunguka bondeni. Nane alikuwa na vipaji vingi lakini kudanganya hakukuwa kimojawapo, na mkewe alimwona waziwazi akiwa amesimama pale na uongo wake mdomoni.

Siku ya ajali, wakiwa njiani, alimrudia tena. "Huyo aliyekaa kiti changu wiki ile, leo yuko wapi? Aje akubonyezee." Nane akacheka. Angejua alivyokosea kucheka! Bosi akakunja mikono, akageukia dirishani, na hawakusemezana tena.

Kwa hiyo mwaka ule wote hakuwa peke yake. Alikuwa na mkono. Mkono wa mwanamke, wenye kucha zilizopakwa rangi ya damu ya mzee, bila mwili wala uso. Aliuona kwenye kitasa cha mlango wa stoo alipotaka kukishika. Aliuona umelala juu ya gurudumu la cherehani. Mchana kweupe, akipima kitambaa cha kochi la watu, aliuona ukishika upande wa pili wa utepe, na akaachia utepe ukajikunja wenyewe mpaka kwenye kasha. Alimwogopa mwanamke yule asiyemjua, na alimchukia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Nane hakuwepo ili amgombeze.

Vani ilikuwa kwa shemeji yake, mdogo wake Nane, fundi magari mwenye gereji upande wa pili wa mji. Aliivuta kutoka ukutani kwa mikono yake mwenyewe na kukataa mtu mwingine asiiguse. Alichukua mwaka mzima kwa kazi ya miezi miwili. Katika mwaka huo hakukanyaga nyumbani kwa Bosi, na mama yake hakutaka kumsikia. Siku ya arobaini alikuja hadi mlangoni, na mama mtu akaufunga mlango usoni pake bila neno. Bosi alipouliza kulikoni, aliambiwa, "Huyo ana yake na Mungu. Wewe kula." Akadhani ni mambo ya urithi, akajikalia kimya.

Asubuhi ya Jumanne shemeji alipiga simu. "Gari limekwisha, shemeji. Njoo ulichukue kabla sijafunga."

"Kufunga saa hizi?"

"Kufunga moja kwa moja. Mwisho wa wiki nakabidhi kiwanja."

Bosi alimkuta kwenye uwanja wa gereji, ardhi nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Giaboksi kuukuu zilizokuwa zimepangwa kwenye rafu hazikuwepo tena. Spana zilikuwa zimefungwa kwenye magunia, na ile minyororo ya kunyanyulia injini ilikuwa imeteremshwa na kukunjwa sakafuni. Shemeji alikuwa amekonda mpaka ovaroli ilimpwaya. Alisema amepata kazi ya kuuza vigae kwenye duka la vifaa vya ujenzi, atakuwa anakaa kwenye kiti, kuna feni.

"Wewe, uuze vigae?" Bosi alisema. "Wewe ambaye mkeo alikukimbia kwa sababu ulilaza giaboksi kitandani?"

Ilikuwa kweli, aliwahi kuilaza, mvua ilikuwa inanyesha. Kwa kawaida alikuwa anajitetea kwa hadithi ndefu. Safari hii alitikisa kichwa tu na kusema mikono yake haifai tena kugusa gari la mtu. Bosi alitaka kuuliza zaidi lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye vani. Ilikuwa imesimama kivulini, imepakwa rangi mpya upande mmoja, upande mwingine imeachwa na mikwaruzo yake yote. Kitambaa cha kiti cha dereva kilikuwa bado na shimo pale mfuko wa nyuma wa Nane, wenye futi ya chuma, ulipokuwa ukisugua.

"Nipeleke mteremkoni," alisema.

Shemeji aliangusha kitambaa alichokuwa akifutia mikono. "Shemeji, kwa nini?"

"Wewe endesha. Nataka kukaa kiti changu."

Aliendesha kwa sababu hakujua namna ya kumkatalia. Barabara ya tambarare ilikuwa nyeupe kwa jua, magari machache. Vani ilipokolea mwendo, giaboksi ilipandisha gia ya mwisho yenyewe, na kelele ya injini ikaanguka mara moja ikawa mnong'ono. Bosi alishika mlango. Ukimya ulikuwa ule ule.

"Nini hicho?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ovadraivu imeingia tu, shemeji. Injini inapumzika."

Bosi akasikiliza. Mwaka mzima alikuwa ameusikia ukimya huo kama sauti ya kaburi, na kumbe ulikuwa kitu cha kila siku, alikuwa ameusikia mara elfu kwenye barabara hii hii akiwa anamenya chungwa. Ulikuwa umemfikia mahali pasipo pake tu, ndiyo maana hakuutambua. Wazo hilo halikumpa nafuu yoyote. Lilimtisha zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na hakika kwamba alisikia sawasawa.

Walifika juu ya mteremko. Chini, mabati ya mji yalimeremeta. Shemeji akapunguza mwendo, paji lake likiwa na jasho.

"Sema," Bosi alimwambia.

"Niseme nini?"

"Alivyokuwa anasema."

Shemeji alishika usukani sawasawa. "Bosi, mkamate."

Ndugu hawa wawili walikuwa na sauti moja. Kwenye simu hata mama yao aliwachanganya. Bosi alisikia sauti ya mumewe ikitoka kiti cha mumewe, na kwa dakika ile hakuthubutu kugeuka. Alinyoosha kidole gumba, akabonyeza. Injini ikapandisha kelele, gari likajizuia, wote wawili wakasogea mbele kidogo kwenye viti. Kitufe hakikuwa kimemkataa. Kilikuwa kitufe cha plastiki kilichochakaa, basi.

Akabonyeza tena. Kimya, gari likaanza kuteleza.

"Shemeji, acha mchezo," alisema yule fundi.

Akabonyeza mara ya tatu na injini ikalikamata. Sasa akaelewa kwa mikono yake kitu ambacho kichwa chake kilikikwepa mwaka mzima. Ili kitufe hiki kiinyamazishe injini, ni lazima ovadraivu iwe imekatwa tayari. Siku ile, kabla ya yeye kubonyeza, kuna mtu alikuwa ameshaikata. Na ndani ya gari walikuwa wawili.

"Shemeji, nakuuliza, na usinipige chenga. Nilipokuwa kwa mama, nani alikuwa anakaa hapa?"

"Unasemaje?"

"Mwanamke gani alikuwa anakaa kiti hiki anambonyezea mume wangu? Nimelipekua gari hili kwa macho tangu nimeingia, natafuta hata kibanio cha nywele. Ni nani? Nimeishi na mkono wake mwaka mzima. Naushika mkono wake kila nikishika mlango wangu!"

Shemeji aliliingiza gari pembeni, kwenye changarawe, akavuta breki ya mkono. Alikuwa amefumbua mdomo. "Mwanamke? Kaka yangu?" Kisha akatoa sauti ambayo ilianza kama kicheko na haikuishia hivyo. Akaulaza uso kwenye usukani. "Ee Mungu wangu. Mpaka hilo nimemwachia abebe."

Halafu akasema yote, akiangalia magoti yake.

"Ulipoondoka, alikuja gereji. Akasema anapita mteremkoni peke yake, analazimika kuvusha mkono wa kulia juu ya usukani ili afikie kitufe, nusura agonge lori. Akataka nimwekee swichi nyingine hapa chini ya dashibodi, karibu na goti la kulia, aifikie kwa mkono mzima. Nikamwambia ni nusu saa tu, nakihamisha hicho cha kwenye gia. Akakataa katakata. Akasema, 'Bosi akirudi akute hana kazi kwenye gari, atasema nimemfukuza.' Akataka zote mbili zifanye kazi, na wewe usijue."

"Zote mbili."

"Nikaziunga kama zile swichi za taa ya ngazi, moja chini na moja juu. Yeyote anayebonyeza anageuza alichoacha mwenzake. Nikamwonya, nikamwambia kaka, mkibonyeza wote wawili ni sawa na hamjabonyeza. Akacheka. Akasema, 'Bosi habonyezi mpaka nimwambie.'"

Lori lilipita likiteremka, injini yake ikiunguruma kwa nguvu, na vani ikatikisika. Shemeji alisubiri lipite.

"Nilipoivuta pale ukutani, nilikuta waya wa swichi yangu umechomoka. Kazi yangu, mikono yangu. Alibonyeza na swichi haikufanya kitu, ukabonyeza na wewe haikufanya kitu. Mimi ndiye niliyemuua kaka yangu. Nilimwambia mama siku ile ile, nikamwomba asikwambie. Swichi nimeing'oa nikaitupa chooni. Sasa umejua. Nipige, nitukane, fanya utakavyo."

Bosi aliangalia chini ya usukani. Kulikuwa na matundu mawili ya skrubu kwenye plastiki, kando ya goti la shemeji. Mkono wenye kucha nyekundu haukuwepo popote. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na Nane, mjinga wa mapenzi, aliyeficha swichi chini ya dashibodi ili mkewe asijione hana kazi, kisha akashindwa hata kutunga uongo wa maana. Alimpenda wakati ule kuliko siku zote za ndoa yao, na furaha ile ilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

"Waya ukiwa umechomoka," aliuliza polepole, "kitufe changu kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu. Ovadraivu inabaki pale pale. Utabonyeza mpaka kidole kiote sugu, injini haitabadilika hata kidogo."

Yeye alikuwa ameisikia ikibadilika.

Kwa hiyo waya ulikuwa mahali pake. Ukuta ndio uliouchomoa. Nane alikuwa ameshaikata ovadraivu kwa swichi yake, kimyakimya ili asiuamshe ugomvi tena, gari lilikuwa limeshikwa barabara, wangefika salama salimini. Na ndipo yeye, aliyegeukia dirishani na hasira zake bila kujiuliza kwa nini injini inanguruma, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, alipoona huruma akabonyeza bila kuambiwa.

Alikaa na jambo hilo. Hakuna aliyejua kwamba injini ilinyamaza. Angefunga mdomo wake tu, ingekuwa imekwisha: mama mkwe ataendelea kumshika mashavu na kumwambia alifanya lake, na huyu mwanamume mwenye ovaroli inayompwaya atakwenda kukaa chini ya feni akiuza vigae mpaka azeeke, mlango wa mama yake umefungwa. Alitaka kunyamaza. Hakuna haja ya kumpamba, alitaka sana. Aliwaza uji ule, na mikono ile miwili, na jinsi atakavyoamka usiku bila neno lolote la kujirudishia.

"Injini ilinyamaza," alisema.

"Lini?"

"Siku ile. Ilikuwa inanguruma. Nikabonyeza, ikanyamaza."

Shemeji alikuwa fundi kwanza, na uso wake ulielewa kabla yeye mwenyewe hajataka kuelewa. Aligeuka haraka. "Hapana. Umesikia vibaya. Mtu akiwa na hasira—"

"Nilisikia vizuri."

"Kulikuwa na upepo, kioo hicho huwa hakipandi—"

"Shemeji. Waya wako ulikuwa mzima. Usinidanganye, na wewe hujui kudanganya, ni ugonjwa wa kwenu."

Shemeji akauliza kwa sauti ndogo, "Yeye hakusema kitu? Ulipobonyeza?"

Hapo ndipo lilipomjia lile ambalo hakumwambia hata askari, kwa sababu hakujua kama lina maana. "Alinigeukia akatabasamu," alisema. "Akafurahi, nilimwona, akajua tumepatana. Kisha mkono wake wa kulia ukatoka kwenye usukani ukashuka chini, gotini. Nikadhani anatafuta leso. Akabaki ameshika usukani na ule wa vidole vitatu, kona ikafika."

Wote wawili waliyaangalia yale matundu ya skrubu. Nane alikuwa anakwenda kurekebisha kwa siri alichoharibu mkewe, asije akamwaibisha katika dakika ya kupatana.

"Angesema tu," Bosi alisema. "Angesema, 'Bosi, rudisha.' Ningerudisha."

Shemeji alilia. Alilia kwa kwikwi, mikono yote miwili usoni, na ndani ya kilio kile Bosi alisikia nafuu, mtu anayepumua baada ya mwaka na mwezi, na alimchukia kwa ajili ya nafuu hiyo, japo yeye ndiye aliyempa. Alimchukia kidogo, akamwacha alie mpaka alipomaliza.

"Breki zilikuwa mbovu," shemeji alisema hatimaye, akifuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Mzigo ulizidi. Kitufe peke yake hakiui mtu. Mama hana haja ya kujua, shemeji. Mimi nimeshazoea."

"Geuza gari."

"Nasema kweli, nimeshazoea."

"Nami nimekwambia geuza gari."

Walirudi mchana, redio imezimwa. Kwenye tambarare ovadraivu iliingia, injini ikatulia, na Bosi hakushika mlango. Karakana ilikuwa wazi kama alivyoiacha, kochi la watu limekaa nusu uchi katikati ya sakafu. Walipita pembeni yake mpaka mlango wa nyuma, na kabla hawajabisha, mama mkwe alikuwa ameshaufungua, ana mwiko mkononi, kwa sababu mlio wa vani ile aliujua.

Alimwona Bosi akatabasamu. Kisha akamwona aliye nyuma yake, na mlango ukaanza kurudi.

Bosi aliuzuia kwa kiganja. "Mama, usifunge. Waya wa mwanao haukuwa umechomoka. Ovadraivu ilikuwa imeshakatwa. Mimi ndiye niliyeirudisha."

Bibi yule hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, na ilibidi aelezwe tena, taratibu, habari ya swichi mbili na injini iliyonyamaza. Bosi alieleza mwenyewe. Shemeji alipotaka kuingilia kati na habari zake za breki na mzigo, alimwambia anyamaze. Hata habari ya ule mkono uliokwenda gotini aliimaliza.

Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu. Hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe, ile ovaroli, yale mashavu yaliyoingia ndani, akanyoosha mkono akamshika kifuani kama anayepapasa kujua iwapo kweli yupo. "Umekula?" alimuuliza. Shemeji akatikisa kichwa. Basi akamvuta ndani kwa kola, akampeleka jikoni, na sauti ya kiti kikiburutwa ikasikika, na sufuria ikifunuliwa.

Mlango uliachwa wazi. Bosi alibaki amesimama nje ya nyumba yake mwenyewe, akisikiliza sahani zinavyotolewa kabatini, akizihesabu ajue kama itatolewa ya tatu.